Joseph-Armand Bombardier

Joseph-Armand Bombardier (Valcourt, Quebec, 16 Aprili 1907 – 18 Februari 1964) alikuwa fundi makanika, mvumbuzi na mwenye viwanda kutoka nchini Kanada. Anajulikana hasa kwa kutengeneza magari ya kwenda juu ya theluji, kuanzia basi dogo la B7 la miaka ya 1930 hadi Ski-Doo ya mwaka 1959, ambayo ni chombo kidogo cha mtu mmoja au wawili kinachofanana na pikipiki yenye skii mbele na mkanda wa mpira nyuma.

Kampuni aliyoianzisha mwaka 1942 ilikuja kutengeneza pia treni na ndege. Katika Afrika ya Mashariki jina lake hufahamika zaidi kupitia ndege hizo, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kutengeneza hata moja.

Maisha ya awali

Bombardier alizaliwa karibu na kijiji cha Valcourt, katika eneo la mashariki mwa jiji la Montreal ambako wakazi wengi huzungumza Kifaransa. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanane wa Alfred Bombardier na Anna Gravel. Baba yake alikuwa mkulima, kisha akahamia kijijini na kufungua duka.

Tangu utotoni alipenda kufungua mashine na kuziunga upya. Alikusanya vipuri vya saa mbovu na kutengeneza navyo vitu vya kuchezea vinavyojiendesha, kama vile treni na mashua. Alitengeneza pia injini ndogo ya mvuke na kuiunganisha na gurudumu la kusokotea nyuzi la shangazi yake.

Wazazi wake walitumaini kwamba angekuwa padri. Alipofikia umri wa miaka 14 walimpeleka seminari ya Mtakatifu Karolo Boromeo katika mji wa Sherbrooke. Huko alisoma, lakini akili yake ilibaki kwenye injini, na kila likizo aliporudi nyumbani alishinda akichokonoa magari ya watu. Ili kumwepusha na magari ya wengine, baba yake alimpatia injini ya gari kuukuu aina ya Ford Model T.

Kwa injini hiyo alitengeneza chombo chake cha kwanza cha theluji. Tarehe 31 Desemba 1922, akiwa na umri wa miaka 15, yeye na mdogo wake Léopold waliondoka na sleji iliyofungwa injini hiyo pamoja na panga boi kubwa la mbao nyuma, mfano wa lile la ndege. Léopold aliongoza mbele na Joseph-Armand aliiangalia injini nyuma. Walipita katika mitaa ya Valcourt kwa zaidi ya kilomita moja, huku wanakijiji wakitoka nje kutazama kilichokuwa kikipiga kelele hivyo. Baba yao hakufurahi. Panga boi lililokuwa likizunguka bila kinga yoyote lingeweza kumkata mtu, hivyo akaamuru chombo kibomolewe siku hiyohiyo.

Gereji ya Valcourt

Mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 17, Bombardier alimshawishi baba yake amruhusu kuacha seminari. Alianza kujifunza ufundi katika gereji ya South Stukely, kijiji kilicho jirani, kisha akaenda Montreal. Mchana alifanya kazi ya ufundi, na jioni alihudhuria masomo ya umekanika na umeme. Alijifunza pia Kiingereza ili aweze kusoma majarida ya kiufundi ambayo hayakupatikana kwa Kifaransa.

Mwaka 1926 alirudi Valcourt na kufungua gereji yake mwenyewe kwa msaada wa baba yake. Alikuwa na umri wa miaka 19. Alitengeneza magari, pampu na mashine za kilimo, na kama kifaa fulani hakikupatikana alikiunda mwenyewe. Alijenga bwawa dogo kwenye kijito kilichopita karibu na gereji ili maji yazungushe mashine ya kumpatia nguvu.

Tarehe 7 Agosti 1929 alimwoa Yvonne Labrecque. Walizaa watoto sita: Yvon, Germain, Thérèse, Huguette, Claire na André.

Biashara ya gereji ilifuata majira. Wakati wa joto kazi ilikuwa nyingi. Wakati wa baridi barabara za vijijini hazikusafishwa, theluji ilijaa hadi kwenye uzio wa mashamba, na wenye magari waliyaegesha mpaka mwezi wa Aprili. Watu walirudi kwenye sleji za kukokotwa na farasi. Bombardier aliitumia miezi hiyo kufanya majaribio ya gari la theluji.

Tatizo la uzito na nguvu

Kwa takriban miaka kumi Bombardier alijaribu miundo mingi. Kikwazo kikubwa kilikuwa kilekile kila mara: injini za wakati ule zilikuwa nzito kuliko nguvu zilizotoa.

Juu ya ardhi ngumu gari zito linaweza kwenda, hata kama ni polepole. Juu ya theluji laini uzito wenyewe hulizamisha gari, na likishazama huhitaji nguvu nyingi zaidi kujivuta. Fundi akiweka injini kubwa ili kuongeza nguvu anaongeza pia uzito, na gari linazama zaidi. Kuna njia mbili tu za kutoka hapo: kueneza uzito juu ya eneo kubwa zaidi la theluji, au kupata nguvu ileile kutoka kwa injini nyepesi zaidi.

Injini nyepesi ya kutegemewa haikuwapo, kwa hiyo Bombardier alianza na njia ya kwanza. Aliacha kwa muda wazo la chombo kidogo cha mtu mmoja na kuelekea kwenye gari la abiria wengi. Aliliacha pia panga boi, kwa sababu lilikuwa la hatari na halikufaa kuvuta mzigo, na akageukia mkanda unaozunguka chini ya gari.

Kifo cha Yvon

Katika majira ya baridi ya mwaka 1934, mtoto wake Yvon, aliyekuwa na umri wa miaka miwili, alishikwa na ugonjwa wa kidoletumbo, na uvimbe ukaenea tumboni. Hospitali yenye uwezo wa kumfanyia upasuaji ilikuwa Sherbrooke, umbali wa kilomita 50 hivi. Barabara zilikuwa zimefunikwa na theluji na hakuna gari lililoweza kupita. Katika gereji ya baba yake kulikuwa na gari la majaribio, lakini halikuwa tayari kwa safari. Yvon alifariki nyumbani.

Bombardier alikuwa ameanza majaribio yake miaka mingi kabla ya msiba huo, kwa hiyo si sahihi kusema kwamba msiba ndio uliomfanya kuwa mvumbuzi. Hata hivyo, mwaka uliofuata alikamilisha sehemu iliyokuwa imemshinda kwa muda mrefu, na wateja aliowatafuta kwanza walikuwa wale wanaobeba wagonjwa na wanaowafuata majumbani.

Spoketi na mkanda

Mwaka 1935 Bombardier alikamilisha mfumo wa spoketi na mkanda uliobeba kazi zake zote za baadaye. Spoketi ni gurudumu lenye meno, kama lile linalovuta mnyororo wa baiskeli au pikipiki. Katika magari ya chuma yaliyotangulia, theluji iliingia kati ya meno na mnyororo, ikashindiliwa na kuganda kuwa barafu, na mnyororo ukatoka au ukakatika.

Bombardier alilifunika gurudumu lenye meno kwa mpira. Mkanda wake ulikuwa wa mpira na vitambaa, wenye vipande vya chuma vilivyokatiza upana wake. Mpira ulijikunja kila ulipopita kwenye meno na hivyo kuibandua theluji. Ulikuwa pia mwepesi kuliko chuma na haukupiga kelele nyingi. Alipata hataza ya Kanada kwa ajili ya mfumo huo tarehe 29 Juni 1937.

B7 na B12

Gari la kwanza lililouzwa likiwa na mfumo huo liliitwa B7: herufi B kwa jina la Bombardier, na namba 7 kwa idadi ya abiria. Mwili wake ulikuwa wa mbao nyembamba zilizobandikwa kwa tabaka, ili kupunguza uzito. Mbele lilikuwa na skii mbili za kuongozea, na injini ilikaa nyuma, juu ya mikanda, ili uzito wake uisaidie mikanda kushika theluji.

Wanunuzi walikuwa madaktari, mapadri, wenye hoteli, wasambazaji wa barua na wafanyabiashara wa vijijini. Maagizo yaliongezeka haraka kuliko uwezo wa gereji, hata Bombardier akajenga kiwanda kipya hukohuko Valcourt kilichoweza kutoa magari 200 kwa mwaka.

Baada ya B7 ilikuja B12 ya abiria 12, yenye umbo la mviringo zaidi na madirisha ya duara kama ya meli. Magurudumu yenye spoku yaliyokusanya theluji yaliondolewa, na badala yake yakawekwa magurudumu yaliyozibwa. B12 ilitumika kama gari la wagonjwa, basi, gari la barua na gari la mizigo. Toleo kubwa zaidi, C18, lilibeba watoto wa shule. Katika vijiji vingi vya Quebec kizazi kizima kilikwenda shule wakati wa baridi kikiwa ndani ya magari hayo.

Tarehe 10 Julai 1942 Bombardier aliandikisha kampuni ya L'Auto-Neige Bombardier Limitée. Jina hilo maana yake ni gari la theluji. Ndugu zake kadhaa walifanya kazi pamoja naye.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Wakati wa vita serikali ya Kanada iliweka mipaka ya matumizi ya chuma, mpira na mafuta. Mtu aliyetaka gari la theluji alipaswa kuthibitisha kwamba analihitaji kweli kwa kazi yake. Kwa upande mwingine jeshi lilihitaji magari ya theluji, na Bombardier aliunda toleo la kijeshi la B12 lililoitwa B1. Baadaye alishiriki kuunda magari mengine ya kijeshi ya mikanda, likiwamo moja lenye silaha.

Kazi hiyo ilimpa uzoefu wa magari yanayopita kwenye matope na vinamasi pamoja na theluji. Uzoefu huo ulikuja kumwokoa miaka michache baadaye.

Barabara zinasafishwa

Mwaka 1949 serikali ya Quebec ilianza kusafisha barabara za vijijini wakati wa baridi. Kwa wakazi ilikuwa habari njema. Kwa kampuni ya Bombardier ilikuwa hatari kubwa, kwa sababu mtu anayeweza kuendesha gari la kawaida mwaka mzima hana haja ya B12. Mauzo yalishuka ghafla katika msimu mmoja.

Bombardier hakujaribu kuuza zaidi bidhaa ambayo haja yake ilikuwa ikiisha. Alitafuta mahali ambapo barabara bado hazikuwapo: misitu ya mbao, migodi, maeneo ya kutafuta mafuta na vinamasi vya kaskazini. Alianza na mikanda ya kuvalishwa kwenye magurudumu ya trekta za kawaida ili zisizame kwenye matope. Mwaka 1953 alitoa trekta lililoitwa Muskeg, kutokana na neno linalotumika Kanada kwa kinamasi chenye mimea iliyooza. Lilikuwa jepesi kwa ukubwa wake na lilipita mahali ambapo matrekta ya chuma yalizama. Lilisafirishwa kwenda nchi nyingi na kuipa kampuni mapato yasiyotegemea theluji peke yake.

Ski-Doo

Katikati ya miaka ya 1950 Bombardier alirudia wazo la ujana wake, yaani chombo cha mtu mmoja. Mambo mawili yalikuwa yamebadilika. Kwanza, injini ndogo nyepesi zilikuwa zimeanza kupatikana kwa bei nafuu. Pili, mwanawe Germain alikuwa ametengeneza mkanda mmoja mzima wa mpira usio na kiungo, ulioimarishwa kwa fito za chuma ndani yake. Mkanda huo mpana uliokaa chini ya kiti ulimruhusu Bombardier kuacha mikanda miwili ya pembeni.

Mwezi Aprili 1959 alipeleka chombo cha majaribio Lansdowne House, kaskazini mwa jimbo la Ontario, kwa rafiki yake padri Maurice Ouimet, mmisionari wa shirika la Waoblati. Mapadri wa kaskazini walisafiri kati ya vijiji vya mbali kwa sleji za mbwa. Wakazi wa huko walipokiona chombo kikipita juu ya theluji laini bila kuzama, walikielewa mara moja.

Uuzaji ulianza msimu wa 1959–1960. Inasimuliwa sana kwamba jina lililokusudiwa lilikuwa Ski-Dog, yaani mbwa wa skii, na kwamba herufi ya mwisho ilibadilika kwa kosa la uandishi. Injini ya kwanza ilikuwa ya kampuni ya Kohler ya Marekani: silinda moja, mapigo manne, nguvu ya farasi 7. Mwendo wa juu ulikuwa takriban kilomita 40 kwa saa. Msimu wa kwanza ziliuzwa Ski-Doo 225, kwa bei ya dola 900 hivi. Msimu wa 1963–1964 ziliuzwa 8,210.

Bombardier aliunda Ski-Doo akifikiria wamisionari, wawindaji, wapimaji wa ardhi na wakata mbao. Wanunuzi wengi, hata hivyo, walikuwa watu wa mijini waliotaka kujiburudisha. Hakukimbilia kupanua uzalishaji. Alikumbuka jinsi mauzo ya B12 yalivyoanguka, na hakutaka kampuni yote isimame juu ya bidhaa moja.

Injini ya feni na namna ya kuiongezea nguvu

Kuanzia mwaka 1962 kampuni ilinunua injini za Rotax kutoka Austria. Hizi zilikuwa injini za mapigo mawili, kama zile za pikipiki ndogo za zamani zinazochanganya oili na petroli. Injini ya aina hiyo huwasha moto katika kila mzunguko, wakati injini ya mapigo manne huwasha katika mzunguko mmoja kati ya miwili. Kwa hiyo hutoa nguvu nyingi zaidi kwa uzito uleule. Hapo tatizo la tangu mwaka 1922 lilipata jibu.

Lilibaki suala la upozaji. Injini ya pikipiki hupozwa na upepo wa mwendo. Injini ya Ski-Doo imefunikwa, na mara nyingi chombo hupanda theluji laini polepole huku injini ikifanya kazi kwa nguvu zote. Kwa sababu hiyo hufungwa feni inayozungushwa na injini yenyewe, na hewa huongozwa na kifuniko cha bati au plastiki ili ipite kwenye mapezi ya silinda. Mpango huu hauna maji ya kuganda wala rejeta ya kuvuja, na fundi wa kijijini anaweza kuutengeneza. Kasoro yake ni kwamba feni hula sehemu ya nguvu ya injini, na uwezo wake wa kupoza una kikomo.

Haukupita muda mrefu kabla wamiliki hawajaanza kuzirekebisha injini hizo ili ziende kasi zaidi. Mbio za vyombo vya theluji zilishamiri katika miaka ya 1960. Mashindano ya Eagle River, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, yalianza mwaka 1964. Njia walizotumia mafundi ni zilezile ambazo hutumika hadi leo kwa injini za mapigo mawili:

Kabureta. Kabureta kubwa zaidi huingiza hewa na petroli nyingi zaidi. Ni lazima jeti, yaani kitundu kinachopimia petroli, ibadilishwe pia. Hewa ya baridi kali ni nzito na huhitaji petroli zaidi. Hewa ya milimani ni nyepesi na huhitaji kidogo. Petroli ikipungua, injini huwaka kwa joto kali, na kwa kuwa oili huja pamoja na petroli, ulainishaji nao hupungua.

Ekzosi. Bomba lililopanuka katikati na kubanwa mwishoni hurudisha wimbi la mgandamizo kwenye silinda kwa wakati unaofaa na kuzuia mchanganyiko usiowaka usitoroke. Kwa injini nyingi za aina hii, hili ndilo badiliko lenye faida kubwa zaidi. Lakini bomba hufaa kwa kiwango fulani tu cha mizunguko.

Milango ya silinda. Mlango wa ekzosi ukichongwa na kuinuliwa, injini hupumua vizuri katika mizunguko ya juu, lakini hupoteza nguvu ya kuanzia chini. Kilichochongwa hakirudishwi; kosa hapa humaanisha silinda mpya.

Kichwa cha silinda. Kikichongwa kidogo, mgandamizo huongezeka na nguvu huongezeka. Ukizidi, petroli huanza kulipuka kabla ya wakati wake na hutoboa pistoni.

Klachi. Ski-Doo haina gia za kubadilisha kwa mguu. Ina puli mbili na mkanda, na puli hujibana au kujiachia kulingana na mizunguko. Injini iliyorekebishwa isipobadilishiwa springi na vizito vya puli, nguvu mpya haiufikii mkanda wa chini.

Mabadiliko haya yote huongeza joto, na feni hubaki ileile. Hilo ndilo linaloitofautisha injini ya feni na ile inayopozwa kwa maji. Fundi mzoefu huanza kwa kuhakikisha kwamba mkanda wa feni umekaza, mapezi ni masafi na vifuniko vyote vimo mahali pake. Wanaoviondoa vifuniko wakidhani wanaipa injini hewa zaidi hupata kinyume chake, kwa sababu hewa ya feni hutawanyika bila kuifikia silinda. Rangi ya plagi huangaliwa baada ya kila badiliko: rangi ya kahawia huonyesha mchanganyiko mzuri, na nyeupe huonya kwamba petroli ni kidogo. Onyo lisipofuatwa, pistoni huvimba kwa joto na kunata ndani ya silinda. Katika uwanja wa mbio dereva hurudi kwa miguu. Kilomita nyingi kutoka kijijini, kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, jambo hilohilo laweza kumgharimu uhai.

Baadhi ya wanambio waliondoa feni kabisa na kuacha mapezi makubwa ya silinda yapigwe na upepo wa mwendo. Walipata nguvu iliyoliwa na feni, lakini vyombo hivyo havikufaa kwa mwendo wa polepole. Katika miaka ya 1970 injini za kupozwa kwa maji zilienea kwenye vyombo vya kasi. Zile za feni ziliendelea kutumika kwenye vyombo vya kazi na vya bei nafuu.

Athari katika nchi za kaskazini

Ski-Doo ilibadilisha maisha ya watu wengi wa Aktiki. Kwa Wainuit wa Kanada safari ya uwindaji iliyochukua siku kadhaa kwa mbwa iliweza kumalizika kwa siku moja. Wasami wafugaji wa kulungu aina ya reinidia nchini Finland walianza kuitumia mapema katika miaka ya 1960.

Faida hizo zilikuwa na gharama. Mbwa hula samaki na nyama iliyowindwa, lakini injini huhitaji petroli na vipuri vya kununuliwa kwa fedha taslimu. Miongoni mwa Wasami, reinidia waliofukuzwa kwa mashine walizidi kuwa wakali na wenye hofu, na familia zisizoweza kununua na kuhudumia chombo zilipoteza mifugo yao.

Kifo

Bombardier aliugua kansa na kufariki tarehe 18 Februari 1964, akiwa na umri wa miaka 56. Katika maisha yake alikuwa amepata hataza zaidi ya 40. Alizikwa Valcourt.

Urithi

Germain alishika uongozi wa kampuni baada ya baba yake. Mwaka 1966 nafasi hiyo ilichukuliwa na Laurent Beaudoin, mume wa Claire. Mwaka 1970 kampuni ilimnunua mtengenezaji wa injini za Rotax. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 soko la vyombo vya theluji lilianguka, jambo ambalo mwanzilishi alikuwa ameliogopa. Mwaka 1974 kampuni ilipata kazi ya kutengeneza mabehewa ya treni ya chini ya ardhi ya Montreal. Iliingia katika ndege mwaka 1986 kwa kununua Canadair, na mwaka 1992 ilichukua de Havilland Canada, watengenezaji wa ndege ya Dash 8.

Ndege hiyo ndiyo iliyolifanya jina la Bombardier lizoeleke nchini Tanzania, hasa baada ya Air Tanzania kupokea ndege mbili za aina ya Q400 mwezi Septemba 2016. Ndege za Airbus A220 za shirika hilo pia zilibuniwa na Bombardier kwa jina la CSeries kabla ya mradi huo kuingia mikononi mwa Airbus.

Baadaye kampuni iliuza sehemu zake nyingi. Kitengo cha vyombo vya theluji kilitengwa mwaka 2003 na kuwa kampuni ya BRP, ambayo makao yake makuu bado yako Valcourt na bado hutengeneza Ski-Doo.

Familia yake ilianzisha mfuko wa hisani wenye jina lake mwaka 1965. Gereji aliyoifungua mwaka 1926 imehifadhiwa na sasa ni sehemu ya jumba la makumbusho la Valcourt. Barabara kuu namba 55 ya Quebec, inayopita karibu na Sherbrooke, inaitwa kwa jina lake, na husafishwa theluji majira yote ya baridi.